Karatasi ya Dokta Mahinyila

Karatasi aliyonipa ilikuwa na mambo tisa.
Utavimba. Damu itavilia chini ya macho.
Utalalia mito miwili, kichwa juu.
Usiiname kufagia, usibebe ndoo.
Nyuzi zitatolewa siku ya saba.
Jicho moja laweza kutangulia kupona, lisikutishe.
Alinisomea kwa sauti, kidole chini ya kila mstari,
kama mwalimu wa darasa la pili, nami nikaitikia.

Miaka thelathini nilichapa barua za wakubwa,
na mitano ya mwisho kila anayepita mezani:
Mama Nyemo, umelia? Mama Nyemo, wasinzia?
Sikulia. Ni ngozi tu,
imeshuka kama pazia lililokatika kamba,
wanja nikiupaka unamezwa na mkunjo
kabla sijafika getini.
Sitawadanganya kwamba nilikuwa sioni.
Niliona vizuri sana.
Nilitaka nionekane nimeamka.

Alinichora nimekaa wima,
kalamu ya zambarau, ya baridi,
akafinya ngozi kwa koleo dogo: Fumba. Fumbua. Fumba.
Bibi yangu kule Kongwa alikuwa na koleo kama lile,
amelifunga kwenye pindo la kanga.
Vikope vilimpindulia kope kwa ndani, zikamkwaruza mboni,
akawa ananiita uani penye mwanga
nimng'oe, moja moja.
Yeye angekatwa asipofuke.
Mimi nakatwa nipendeze.
Hilo ndilo nililowaza sindano ilipoingia,
na sindano, niamini, inauma kuliko yote yanayofuata.

Yanayofuata ni sauti. Mkasi.
Redio ya nesi ikitaja bei ya alizeti.
Halafu harufu, ambayo haikuandikwa,
ya unywele uliogusa moto,
na unajua ni wewe.

Siku ya pili, kiooni,
zabibu mbili zilizoiva mpaka zinataka kupasuka.
Upepo wa Agosti unaihamisha Nkuhungu yote kwenda Kizota,
vumbi linapita hata penye dirisha lililofungwa,
nami chali, barafu ndani ya soksi za Chidawali.
Ilikuwa siri. Yeye tu, na Nyemo kwa simu.

Siku ya nne Bi Tabu wa kikoba akaja kuchukua hisa.
Nikafungua mlango nimesahau miwani.
Akanitazama mimi.
Akamtazama mume wangu, anachambua mchicha.
Hakuuliza kitu.
Jioni mjumbe wa nyumba kumi akapiga hodi,
nyuma yake wanawake wawili, mikono kifuani.

Hili halikuwa kwenye karatasi.

Chidawali, ambaye hata mbuzi wa jirani
akila mahindi yetu humtoa kwa maneno,
akasimama mlangoni. Nilimsikia toka chumbani.
Neno moja lingemtosha.
Alikaa kimya kitambo, barafu ikanidondokea sikioni,
kisha akasema: Nimewasikia. Halitarudia.
Na mimi, chini ya shuka,
nikanyamaza.

Nyuzi zilitoka siku ya saba, kuwashawasha tu, kama sisimizi.
Uvimbe ulichukua wiki tatu.
Chidawali aliacha kwenda kucheza bao.

Nilipokwenda kikoba nilivua miwani mbele yao.
Nikasema yote: kliniki, kalamu, gharama,
nikawaonyesha mstari, mwembamba kuliko uzi,
nikatoa na karatasi yenyewe, imekunjwa mara nne.
Walisikiliza kama wanavyosikiliza wagonjwa.
Bi Tabu akanigusa goti.
Sawa, mama, akasema polepole.
Mimi yangu nilisema ni kabati.

Juu ya unyusi wake wa kushoto kuna kovu,
fupi, limeng'aa.
Miaka kumi na minane tumekaa mkeka mmoja
tukihesabu pesa,
na sikuwahi kuliona.